Kuzaliwa Mara ya Pili au Kuzaliwa Kutoka Juu? Tamathali ya Uzazi na Neno katika Agano Jipya la Kiswahili

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, Biblia imeachiwa wachungaji na wanatheolojia. Wahakiki wameshughulikia tenzi, mashairi, riwaya na tamthilia, na aghalabu wameitaja Biblia kwa kupita tu, kama ushahidi wa historia ya usanifishaji wa lugha. Hali hii inashangaza, kwa kuwa ni vitabu vichache vya nathari ya Kiswahili vilivyosomwa kwa sauti mbele ya watu, juma baada ya juma, kwa muda wa zaidi ya karne moja. Matini isomwayo hivyo haibaki kuwa kitabu cha dini peke yake. Huunda mazoea ya lugha, na mazoea ya lugha nayo huelekeza fikira.

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza tamathali moja ya Agano Jipya, yaani ile ya mtu aliyekwisha kuzaliwa na mama yake ambaye anazaliwa tena kwa neno la Mungu. Hoja inayotolewa ni kwamba tafsiri ya Kiswahili iliyoenea sana imeichukua tamathali inayohusu asili ya uzazi na kuifanya ihusu idadi yake. Matini ya Kigiriki inauliza: mtu huyu amezaliwa kwa nini, na kutoka wapi? Msomaji wa Kiswahili anasikia swali jingine: mtu huyu amezaliwa mara ngapi? Maswali haya mawili hayafanani, na majibu yake hayaelekei upande mmoja.

Sehemu zitakazochunguzwa ni mbili: mazungumzo ya Yesu na Nikodemo katika sura ya 3 ya Injili ya Yohana, na aya zinazoanzia 1:22 hadi 2:3 katika Waraka wa Kwanza wa Petro. Ya kwanza inaeleza kuzaliwa kwa Roho. Ya pili inaeleza kuzaliwa kwa neno. Lengo si kuamua suala la imani. Lengo ni kupima jinsi lugha ya Kiswahili ilivyotumiwa, na kuonyesha ni wapi ilitumiwa chini ya uwezo wake.

Tafsiri zinazohusika

Kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili ina historia ndefu. Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka huohuo, na sura zake za awali zikachapishwa Marekani mwaka 1847. Biblia nzima katika lahaja ya Unguja ilitokea mwaka 1891, kazi iliyotokana kwa sehemu kubwa na juhudi za Askofu Edward Steere na wenzake. Biblia ya lahaja ya Mombasa ilikamilika mwaka 1914. Ile ya Karl Roehl, ambaye alijaribu kupunguza maneno ya Kiarabu, ilitolewa mwaka 1937.

Baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ilihitajika tafsiri moja ambayo makanisa ya Kiprotestanti ya Unguja, Mombasa na bara yangeweza kuitumia pamoja. Tafsiri hiyo ndiyo Union Version. Agano Jipya lake lilitolewa mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Katika makala haya itaitwa Tafsiri ya 1952. Italinganishwa na Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990, ambayo ilikusudia kutumia lugha rahisi ya siku zile.

Kinaya cha Nikodemo

Mazungumzo ya Nikodemo yamejengwa juu ya neno moja la Kigiriki, anothen. Neno hili lina maana mbili ambazo Mgiriki angeweza kuzisikia kwa pamoja. Maana ya kwanza ni "kutoka juu"; ya pili ni "upya", au "tangu mwanzo". Yesu anamwambia Nikodemo kwamba mtu asiyezaliwa anothen hawezi kuuona ufalme wa Mungu. Nikodemo, mzee na mwalimu wa Wayahudi, analijibu neno hilo kwa kulishika upande mmoja. Katika jibu lake halitumii tena. Anatumia neno jingine, deuteron, ambalo maana yake ni "mara ya pili" na si zaidi, kisha anauliza kama mtu mzima anaweza kuingia tena tumboni mwa mama yake.

Hapa ndipo ufundi wa mwandishi wa Injili ulipo. Msomaji anaona lile ambalo Nikodemo halioni, kwamba mzee huyu amelipunguza neno. Ameambiwa habari za mahali uzazi unapotoka, naye ameelewa habari za hesabu. Kinaya hiki kinarudiwa mara nyingi katika Injili hiyohiyo. Mwanamke Msamaria anaambiwa habari za maji ya uzima naye anafikiria kisima na kamba. Umati unaambiwa habari za mkate wa mbinguni nao unafikiria chakula cha tumbo. Kila mara msikilizaji anashika upande wa dunia wa neno lenye pande mbili, na kosa lake ndilo linalofungua njia ya mafundisho yanayofuata. Kosa likiondolewa, mafundisho hayana mlango wa kuingilia.

Tafsiri ya 1952 inamfanya Yesu aseme "mara ya pili". Kisha inamfanya Nikodemo aseme "mara ya pili". Maneno ni yaleyale. Kwa hiyo katika Kiswahili Nikodemo hakosei neno lolote. Ameambiwa habari za mara ya pili, naye anauliza habari za mara ya pili, kama mwanafunzi msikivu anavyopaswa kufanya. Kosa lake linabaki katika mambo ya tumbo la mama peke yake, na Yesu anapomshangaa kwamba yeye ni mwalimu na hafahamu, mshangao huo unaonekana kuwa mkali kupita kiasi. Kinaya kimekufa, na mhusika aliyechorwa kwa uangalifu amekuwa mzee anayeuliza swali la kitoto bila sababu.

Inaweza kudaiwa kwamba hasara hiyo haikwepeki, kwa kuwa lugha chache zina neno moja lenye maana zote mbili. Dai hili ni kweli kwa nusu. Tafsiri ya Kilatini ya Vulgata haikuweza kuhifadhi maana ya "juu", lakini ilitumia denuo katika kinywa cha Yesu na iterato katika kinywa cha Nikodemo, na kwa hiyo ilihifadhi tofauti ya usemi baina yao. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 nayo ilitofautisha maneno ya wasemaji hao wawili, na ikaongeza pambizoni kwamba neno la Yesu laweza pia kumaanisha "kutoka juu". Tafsiri ya Kiarabu iliyokamilishwa Beirut mwaka 1865 ilichagua upande wa pili kabisa, ikaandika min fawq, yaani "kutoka juu". Kila mojawapo ilipoteza kitu, lakini hakuna iliyompa Yesu neno la Nikodemo. Hilo ndilo lililotokea katika Kiswahili.

Jambo hili linazidi kuonekana wazi msomaji akiendelea hadi mwisho wa sura hiyohiyo. Katika aya ya 31 neno anothen linatokea tena, likimhusu yeye ajaye kutoka mbinguni, na hapo Tafsiri ya 1952 inaandika "kutoka juu". Yesu anapomwambia Pilato kwamba mamlaka yake yametoka mahali pengine, katika 19:11, neno ni lilelile, na tafsiri inasema tena "kutoka juu". Kwa hiyo watafsiri walilijua neno na walijua maana yake. Lakini msomaji wa Kiswahili hana njia ya kugundua kwamba uzazi wa aya ya 3 na yule ajaye katika aya ya 31 wamefungwa kwa kamba moja. Anayezaliwa anothen anazaliwa mahali alikotoka yeye aliye anothen; huo ndio uti wa mgongo wa sura nzima, nao umekatwa.

Maana ya "mara ya pili" na maana ya "upya"

Yafaa kuyapima maneno yenyewe ya Kiswahili. Kirai "mara ya pili" ni cha hesabu. Huonyesha kwamba tendo lilelile limerudiwa, na hakisemi lolote juu ya matokeo yake. Nguo iliyofuliwa mara ya pili ni nguo ileile. Mgeni aliyebisha hodi mara ya pili ni mgeni yuleyule, na mlango ni uleule. Tena, mahali palipo na mara ya pili pana nafasi ya mara ya tatu.

Neno "upya" lina kazi nyingine. Msingi wake ni kivumishi -pya, na kwa hiyo jicho linaelekezwa kwenye hali ya kitu baada ya tendo. Nyumba iliyoezekwa upya ina paa jipya. Shamba lililolimwa upya limeachana na magugu ya msimu uliopita. Barua iliyoandikwa upya si nakala ya ile ya kwanza, bali imechukua nafasi yake. Hakuna anayeuliza "upya" ngapi. Neno hili halina maana ya "juu", lakini lina maana ya mwanzo mwingine, ambayo ni mojawapo ya maana halisi za anothen.

Tafsiri ya 1952 inakwenda mbali zaidi katika kuhesabu. Petro hatumii neno anothen. Anatumia kitenzi kimoja, anagennao, kinachounganisha wazo la kuzaa na kiambishi kinachoweza kumaanisha "tena" au "juu". Waraka kwa Tito, 3:5, unatumia nomino tofauti kabisa, palingenesia. Kiswahili cha 1952 kinayapeleka yote matatu kwenye "pili": mara ya pili kwa Yohana, mara ya pili kwa Petro, na kuzaliwa kwa pili kwa Tito. Waandishi watatu wenye msamiati tofauti wamepewa msamiati mmoja, na kirai kikawa istilahi. Istilahi ina faida yake katika katekisimu. Katika matini ya fasihi huziba masikio.

Mbegu, neno na maziwa

Katika Waraka wa Petro tamathali ya uzazi imeendelezwa kwa utaratibu unaostahili kufuatwa hatua kwa hatua. Wasomaji wamezaliwa tena. Wamezaliwa kutokana na mbegu. Mbegu hiyo haiharibiki. Uzazi huo umepitia katika neno la Mungu. Kisha mwandishi anamleta nabii Isaya na mfano wake wa majani yanayonyauka na neno linalodumu. Mwishoni, wale waliozaliwa wanaitwa watoto wachanga, wanaotakiwa kutamani maziwa.

Katika sehemu hii Kiswahili kina utajiri ambao lugha nyingine zingeutamani. Neno "mbegu" ni la mkulima na ni la ukoo pia. Mahindi yana mbegu, na mtu huitwa wa mbegu njema au mbegu mbaya. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anapita kutoka uzazi hadi majani bila kuruka mtaro. Mbegu isiyoharibika na majani yanayonyauka vinasimama katika shamba moja, na tofauti yao inaonekana kwa macho. Kadhalika kitenzi "zaa" hutumika kwa baba, kwa mama na kwa mti. Nikodemo alifikiria tumbo la mama. Petro anafikiria mbegu ya baba na ya shamba. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinawapokea wote wawili, sawa na kitenzi cha Kigiriki.

Neno "neno" lenyewe lina upana kama huo. Katika Kiswahili cha mazungumzo, neno si sauti iliyotamkwa tu. Ni jambo, ni shauri, ni kisa. Mtu huuliza kama kuna neno, akajibiwa kwamba si neno. Mwingine husemwa kuwa hana neno, yaani hana ubaya na mtu. Upana huu unakaribiana sana na ule wa neno la Kiebrania dabar, ambalo ni usemi na ni tukio pia, na ambalo ndilo alilolitumia Isaya. Msikilizaji wa Kiswahili anayeambiwa kwamba neno la Mungu ladumu hasikii maandishi tu. Anaweza kusikia kwamba jambo la Mungu, shauri lake, halitenguki. Hapa watafsiri walipata bahati njema, nao hawakuiharibu.

Lakini mnyororo unakatika katika kiungo cha mwisho. Maziwa ambayo watoto wachanga wanatakiwa kuyatamani yanaelezwa kwa kivumishi logikos, kilichoundwa kutokana na logos, "neno". Mbegu ilikuwa ya neno, na maziwa nayo yana harufu ya neno. Mtoto analishwa kwa kile kilichomzaa. Tafsiri ya 1952 inayaita maziwa ya akili. Kwa mujibu wa kamusi ya Kigiriki uamuzi huo si wa kulaumiwa, kwa sababu logikos humaanisha pia jambo la akili au la kiroho. Kwa mujibu wa muundo wa sehemu nzima, uamuzi huo unamwacha mtoto na chakula kisichohusiana na kuzaliwa kwake. Kwa upande mwingine, kitenzi "ghoshi" kilichotumiwa kuonyesha kwamba maziwa hayo hayakuchanganywa na kitu ni uteuzi wa kusifiwa. Ni neno la sokoni, la mfanyabiashara anayetia maji katika bidhaa yake, na Petro ametoka tu kuwaonya wasomaji wake waache hila.

Hukumu ya upatanisho wa kisarufi

Kuna mahali ambapo sarufi ya Kiswahili humlazimisha mtafsiri kutoa hukumu ambayo Kigiriki hakikuitoa. Petro anaandika juu ya neno la Mungu, kisha anaongeza sifa mbili, kuwa hai na kudumu. Katika Kigiriki sifa hizo zaweza kuwa za neno au za Mungu. Maumbo ya maneno hayaamui. Vulgata iliamua kwamba ni za Mungu. Katika Kiswahili hakuna nafasi ya kukaa katikati. Neno ni la ngeli ya li-ya, Mungu ni wa ngeli ya a-wa, na sifa lazima iwe "lenye" au "mwenye", "lidumulo" au "adumuye". Tafsiri ya 1952 ilichagua neno. Uchaguzi huo unafaa, kwa kuwa aya inayofuata, ile ya majani, inahusu kudumu kwa neno. Upatanisho wa kisarufi, ambao mara nyingi hutajwa kama mzigo wa mtafsiri, hapa umefanya kazi ya ufafanuzi.

Ikumbukwe pia kwamba mwanzoni mwa Injili ya Yohana, Neno limepewa upatanisho wa viumbe hai, "naye" na "alikuwa", kwa sababu hapo Neno ni nafsi. Kwa Petro neno ni lenye uzima, lakini linabaki katika ngeli yake. Msomaji makini wa Kiswahili anaweza kuona kwa viambishi peke yake tofauti ya mafundisho ambayo katika lugha zisizo na ngeli huhitaji maelezo marefu.

Kuhusu vihusishi mambo si mazuri hivyo. Petro anatofautisha chanzo na njia: uzazi unatoka katika mbegu, na unapitia katika neno. Tafsiri ya 1952 inatumia "kwa" kwa vyote viwili. Yohana naye, katika 1:13, anazungumzia watu waliozaliwa na Mungu, na tafsiri hiyo inasema "kwa Mungu", ingawa mahali pengine, katika 1 Yohana 3:9, inatumia "na Mungu", kama Mswahili yeyote angesema. Kitenzi "zaliwa" kina kauli ya kutendwa, na kauli hiyo huomba mtenda. Mtu huzaliwa na fulani. Swali la asili, lile ambalo "mara ya pili" imelifunika, lingeweza kurudishwa kwa kiungo kidogo "na". Herufi mbili tu, lakini ndizo zinazomtaja mzazi.

Upepo, pepo na roho

Katika aya ya 8 Yohana anacheza tena na neno lenye pande mbili. Pneuma ni upepo na ni roho. Upepo unavuma upendako, na ndivyo alivyo aliyezaliwa kwa Roho. Tafsiri za Kiswahili zinaandika "upepo" mahali pamoja na "Roho" mahali pengine, na fumbo linakuwa mlinganisho wa kawaida.

Ni haki kusema kwamba watafsiri hawakuwa na njia nyepesi. Hata hivyo, uhusiano huo umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Upepo, pepo, peponi na pepea ni maneno yanayosikika kuwa ya jamaa moja. Shida ni kwamba pepo alikwisha kupewa kazi nyingine, ya kumpagaa mtu na kupungwa kwa ngoma, na Biblia yenyewe ikamtumia kwa roho wachafu. Peponi nako kukawa mahali pa raha ya milele. Ukoo mmoja wa maneno ukagawanywa kati ya mashetani na watakatifu, na Roho akaletwa kutoka Kiarabu. Nako huko Kiarabuni roho na upepo, ruh na rih, hutoka katika shina moja. Uhusiano ulioondoka mlangoni umebaki umejificha dirishani, lakini msikilizaji wa kawaida haujui.

Masikio ya Afrika Mashariki

Tafsiri husikilizwa na watu walio na mambo yao tayari. Miongoni mwa Wagikuyu kulikuwa na sherehe iliyoitwa guciarwo keri, kuzaliwa mara mbili, au guciarwo ringi, kuzaliwa tena. William Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliieleza katika kitabu chao cha mwaka 1910. Mbuzi alichinjwa, mama alikaa na mtoto wake, wakafungwa pamoja kwa utumbo wa mbuzi, mama akaugua kama aliye katika utungu, utumbo ukakatwa kama kitovu kikatwavyo, na mtoto akalia kama mchanga.

Kwa msikilizaji aliyekulia katika desturi kama hiyo, swali la Nikodemo halina upuuzi wowote. Kurudi kwa mama na kuzaliwa naye tena ni jambo lililowezekana, lililokuwa na siku yake na mnyama wake. "Mara ya pili" ingemrudisha kwenye sherehe ile, kwa sababu ndiyo iliyohesabiwa. "Kutoka juu" ingemwambia kwamba hapa panazungumziwa uzazi usiopitia kwa mama. Tofauti ambayo mwandishi wa Injili aliikusudia ingesikika Gikuyuni kwa nguvu kuliko ilivyosikika Ugiriki.

Upande wa pili ni lugha ya Uamsho, ile harakati ya kiroho iliyoenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 na kufika Kenya na Tanzania. Ushuhuda wa aliyeokoka aghalabu hutaja siku na mwaka. Itakuwa kosa kudai kwamba kirai cha Tafsiri ya 1952 ndicho kilichozaa mazoea hayo, kwa kuwa harakati ilitangulia tafsiri na ilianza kwa lugha nyingine. Linaloweza kusemwa ni kwamba kirai cha hesabu kilikutana na mazoea ya kutaja tarehe, vikafaana. Mtu husema alizaliwa mara ya pili mwaka fulani, kwa -li-, kama anavyosema alimaliza shule mwaka fulani.

Petro hasemi hivyo. Kitenzi chake kiko katika hali timilifu, inayoonyesha tendo lililokwisha na hali inayoendelea. Kiswahili kina kiambishi kinachofanya kazi hiyohiyo kwa ufasaha, nacho ni -me-. Aliyelala alilala jana; amelala yuko usingizini sasa. Tafsiri ya 1952 imeandika "mmezaliwa", na imefanya vyema kabisa. Uzazi wa Petro unapimwa kwa kuwa mtoto leo, kupenda ndugu leo, kutamani maziwa leo. Kiambishi kimoja kinasema hivyo, lakini kimezidiwa sauti na hesabu iliyokifuata.

Biblia Habari Njema

Biblia Habari Njema ilirekebisha kosa kubwa la Yohana 3. Yesu anasema "upya", Nikodemo anasema "mara ya pili". Kinaya kimerudi. Msomaji anaona mzee akilibadilisha neno alilopewa, na mshangao wa Yesu unapata sababu. Uhusiano na aya ya 31 bado umepotea, lakini mazungumzo yamekuwa mazungumzo.

Kwa Petro, hata hivyo, tafsiri hiyo imelipa gharama kubwa. Kwa nia ya kurahisisha, imeondoa mbegu na mahali pake ikamweka baba, anayekufa au asiyekufa. Wazo la asili limehifadhiwa, tena kwa uwazi. Lakini majani ya Isaya sasa yanatokea ghafla baada ya baba, bila shamba la kuotea. Mtafsiri alidhani mbegu ni mapambo ya usemi, ambayo yakitolewa maana hubaki. Katika matini hii mbegu ndiyo maana yenyewe: neno hufanya kazi kama mbegu, kimya kimya, ndani ya mtu, na kwa muda. Ndivyo pia lilivyoelezwa katika Luka 8:11, ambapo mbegu ya mpanzi ni neno la Mungu. Msomaji wa Habari Njema hawezi tena kuunganisha mpanzi na Petro, ilhali mkulima wa Kakamega au wa Mbeya angeunganisha bila kuambiwa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Tafsiri ya 1952 ilifaulu pale ilipoitegemea sarufi na misamiati ya Kiswahili yenyewe: katika mbegu, katika neno, katika ghoshi, katika -me- na katika upatanisho wa ngeli. Ilishindwa pale ilipotafuta istilahi moja ya kufunika maneno matatu ya Kigiriki. Habari Njema iliivunja istilahi hiyo, lakini ikaivunja na tamathali iliyokuwa ikifanya kazi.

Kwa watakaopitia tena tafsiri hizi, mapendekezo ni manne. Kwanza, Yesu na Nikodemo wasipewe neno moja. "Upya" kwa mmoja na "mara ya pili" kwa mwingine ndiyo hatua ya chini inayokubalika, na maelezo ya chini ya ukurasa yataje "kutoka juu" ili aya ya 31 isomeke. Pili, mtenda wa "zaliwa" atajwe kwa "na" kila mahali matini inapomtaja mzazi. Tatu, mbegu irudishwe katika Petro. Nne, maziwa yaunganishwe na neno, hata ikibidi kuongeza kirai kimoja.

Kwa upande wa idara za lugha, funzo ni la namna nyingine. Mwanafunzi anayefundishwa kuchambua tamathali katika utenzi wa karne ya 18 anaweza kuketi kanisani kila Jumapili akisikiliza matini iliyojaa tamathali, asiwe ameulizwa hata siku moja zimejengwaje. Kirai "kuzaliwa mara ya pili" kimekwisha kutoka kanisani. Kinasikika katika siasa, michezoni na magazetini, kila mtu anapopata nafasi nyingine. Kinatumiwa kwa maana ya Nikodemo.